Neno Nililomtamkia Shangazi Yako

Tumpe mwanangu,

Umetoka sasa hivi na rafiki yako Jeni kwenda madukani Guangyuan Xilu kutafuta sanduku jingine, kwa sababu zipu ya lile la bluu imekufa. Nawajua nyie wawili, hamtarudi kabla ya saa kumi na mbili. Nimekaa mezani karibu na dirisha. Chini wanafunga marobota kama kila siku na kupigiana kelele kwa lugha tano. Kesho saa hizi utakuwa angani.

Habari za sweta, za chakula na za watu wa kuwakwepa uwanja wa ndege sitaziandika. Mama yake Jeni amekwisha kukwambia hayo mara mbili, na wewe una akili kuliko mimi na yeye. Ninachotaka kukuandikia ni habari za neno moja.

Jumapili iliyopita ulikaa kwenye kiti hiki ukiwa na daftari langu la Kigiriki, lile nililotoka nalo chuo kilekile cha theolojia unachokwenda wewe. Ulikuwa unanisomea maneno, nami nakupa maana yake: hili ni kanisa, hili neema, hili shahidi. Ulikuwa na furaha, ukasema laiti ningekuwa mwalimu wako kule. Kisha ukafika kwenye ukurasa ambao neno moja limekatwa kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Ukauliza, "Baba, hili lilikuwa neno gani?" Nikasema sikumbuki, ukafungua ukurasa mwingine.

Neno lile ni anathema. Nalikumbuka kuliko jina langu.

Kinachonifanya nikwambie leo ni sababu mbaya, na nataka uijue usije ukanisifu bure. Wewe unajua kwamba Shangazi Subilaga alirudi nyumbani ulipokuwa na miaka tisa, baadaye akaolewa Zambia na kutusahau. Hivyo ndivyo nilivyokwambia. Bibi yako kule Tukuyu anajua kwamba Subilaga bado yuko China, katika mji mwingine, ana kazi nyingi na simu yake haishiki. Hivyo ndivyo nilivyomwambia yeye. Miaka yote hii, kila ulipozungumza na bibi kwenye simu, nilikaa karibu yako. Kinyakyusa chako ni cha salamu tu, na masikio yake ni mazito, kwa hiyo uongo wangu wa huku haukuwahi kukutana na uongo wangu wa kule. Keshokutwa utakuwa umekaa jikoni kwake, na mimi sitakuwepo. Kama usingekuwa unasafiri, barua hii nisingeiandika.

Shangazi yako hakwenda Zambia, mwanangu. Alifia hapahapa Guangzhou, ukiwa na miaka kumi na miezi minane. Tangu ulipoambiwa ameondoka mpaka siku aliyokufa, alikuwa anaishi upande wa Kangle, safari ya metro isiyofika nusu saa kutoka kitandani kwako. Na aliyemtenga na watu wote ni mimi.

Sasa nikusimulie. Ukichoka, pumzika, kisha urudi.

Neno lile nilifundishwa mwaka wangu wa pili chuoni. Mwalimu wetu wa Kigiriki alikuwa mama mmoja mfupi mwenye kikohozi kisichoisha, ambaye alikuwa akiandika ubaoni kwa chaki ndogo kabisa ili asizimalize. Aliandika anathema, akasema, "Katika nyaraka za mitume maana yake ni laana. Mtu aliyekatwa. Lakini hapo ni mwisho wa safari ya neno hili. Wiki ijayo nitawaonyesha lilikotoka." Wiki iliyofuata sikuwepo darasani. Kanisa moja la mjini lilikuwa limeniita kuhubiri kwenye mkutano wa injili, na walituma gari kunichukua. Tumpe, sikuwahi kutumiwa gari na mtu. Niliondoka nimefunga tai, na wenzangu wananiangalia kupitia dirishani. Wenzangu waliporudishiwa madaftari yao nilinakili maelezo ya kila somo nililokosa isipokuwa hilo, maana mtihani uliuliza maana moja tu na mimi maana moja ninayo.

Chuo sikumaliza. Mama yako alifariki ulipokuwa na miaka mitatu, na baada ya mazishi sikuwa mtu wa kukaa darasani. Aliyetuokoa ni Subilaga. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka sita, na tayari alikuwa mwenyeji huku. Alikuwa ananunua vitambaa Haizhu, anavipeleka Kangle kushonwa majoho ya kwaya, anayatuma Mbeya. Nusu ya kwaya za mkoa ule zilivaa kazi yake. Alinitafutia mwaliko, akanitafutia kazi kwa wasafirishaji wa mizigo, akatupokea uwanja wa ndege ameshika mkate, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba watoto wanalia wakikosa mkate. Wewe uliupita mkate ukamshika mguu. Tangu siku ile, aliyekusuka, aliyekuogesha, aliyekupeleka shule na kukufundisha kusema hapana sokoni ni yeye. Mimi nilikuwa nalala nyumba ileile.

Unakumbuka ibada zetu kwenye ghorofa ya tisa ya ile hoteli, na ule ukumbi uliokuwa unanuka zulia bichi? Tulianza watu saba. Kwa kuwa mimi peke yangu ndiye niliyewahi kukaa chuo cha theolojia, wakaanza kuniita Mchungaji. Sikuwahi kuwekewa mikono na mtu yeyote. Mara ya kwanza niliwasahihisha. Mara ya pili nilicheka. Mara ya tatu niliitika. Na kwa kuwa Kichina changu kilikuwa kimenyooka kidogo, mimi ndiye niliyekuwa naitwa mtu akiugua, nikamtafsirie kwa daktari. Watu waliniheshimu, nami nikaizoea heshima ile kama mtu anavyozoea sukari.

Ulipokuwa na miaka tisa uliugua. Homa ilikupanda Jumatano, na kufikia Alhamisi ulikuwa unalia kwamba mifupa inauma, na nyuma ya macho kunauma. Shangazi akasema twende hospitali. Nikasema tuombe kwanza. Tumpe, mimi niliyekuwa nawapeleka wengine hospitali, mwanangu mwenyewe nilimwekea mikono kwa siku tatu, maana nilikuwa nimehubiri Jumapili iliyotangulia juu ya imani isiyoyumba, na watu walikuwa wananitazama. Jumamosi nilikwenda kwenye kikao cha wazee wa ushirika. Niliporudi, kitanda chako kilikuwa kitupu. Subilaga alikuwa amekubeba mgongoni mpaka barabarani, akasimamisha teksi. Madaktari walisema ni homa ya dengi, na damu yako ilikuwa imeanza kushindwa kuganda. Walisema mngechelewa siku moja zaidi wasingeahidi kitu.

Ulilazwa siku sita. Siku ya tatu ulikuwa humtambui mtu. Shangazi yako alikuwa hajala. Chen, yule mama mwenye kiwanda kidogo Kangle aliyekuwa anamshonea majoho, alikuja kumtazama, akamwona alivyo, akamshika mkono. Alimpeleka kwenye hekalu dogo lililobanwa katikati ya nyumba za mtaa ule. Akaandika jina lako la shule kwa Kichina kwenye utepe mwekundu, na shangazi yako akaufunga juu ya tawi pamoja na tepe za watu wengine. Kisha akarudi kukaa pembeni ya kitanda chako. Chen alikuwa amepiga picha, akaiweka kwenye simu pale watu wanapoweka picha zao, kwa nia njema kabisa, uombewe na wengine. Muumini wetu mmoja akaiona.

Nakuomba usielewe vibaya. Siandiki kwamba utepe ulikuponya. Ulipona kwa dripu na kwa madaktari, na kwa sababu mtu mmoja alikuwa na akili ya kukubeba mgongoni. Lakini ulipona, na ulipokuwa nyumbani unakula uji, mimi nilimwita shangazi yako hapa mezani.

Nikamuuliza, "Ulisujudu?"

"Nilisimama. Nikafunga kitambaa."

"Ulikuwa unamwomba nani?"

Akafikiri. Kudanganya alikuwa hajui. Akasema, "Kaka, sijui ni nani aliyekuwa anasikia pale. Siku ile nilitaka mtu yeyote asikie."

Nikamwambia atubu mbele ya ushirika Jumapili, yaishe. Akaniambia kwa utulivu, "Siwezi kuomba radhi kwa jambo ambalo kesho ningelifanya tena." Na mimi, badala ya kuliogopa jibu lile kwa uzito wake, nilisikia aibu tu. Nilifikiri wazee watasema Mchungaji hawezi kuitawala hata nyumba yake.

Jumapili ile wewe ulikuwa chumba cha pili na watoto wenzako. Mlikuwa mnaimba, na sauti zenu zilikuwa zinapenya ukutani. Nilisimama. Ningeweza kusema kwa Kiswahili kwamba dada yetu tunamrudi kwa muda. Lakini nilikuwa na neno kubwa, neno la Kigiriki, na nilitaka walisikie. Nikasema, "Subilaga na awe anathema."

Hakuna aliyelielewa. Yeye mwenyewe akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akasema, "Kaka, hilo neno maana yake nini?"

Nikamjibu mbele ya watu wote, "Maana yake hatukujui."

 Akachukua mkoba wake, akapita katikati ya viti. Mlangoni akageuka, na sote tukadhani atalaani au atalia. Akauliza, "Kesho mtoto nani atamchukua shule? Wewe kesho uko bandarini."  Akatoka. Mimi nikatangaza wimbo.

Jioni ile nilikwambia shangazi amepata safari ya ghafla ya nyumbani.

Mwanangu, wewe umekulia hapa, lakini hujawahi kuwa peke yako hapa, kwa hiyo huenda hujui maana ya kutengwa katika mji kama huu. Nyumbani mtu akitengwa na kanisa, bado ana jirani, ana shangazi wa upande mwingine, ana kisima. Hapa ushirika wetu ndio uliokuwa jirani na shangazi na kisima. Alipata chumba Kangle kwa mwenzake mmoja, mwenzake akahama ndani ya wiki. Aliyekuwa anampakilia mizigo akawa hana nafasi. Habari ziliwafikia wakuu wa kwaya Mbeya kabla hata yeye hajajua aseme nini, na kwaya nyingi zikatafuta mtu mwingine. Alikutana na watu wetu mtaani Xiaobei, wakavuka barabara. Mimi mwenyewe nilivuka mara mbili. Mara ya pili alikuwa ameshika mfuko wa machungwa, akaunyanyua kidogo kuniambia ni ya kwako. Niliendelea kutembea.

Ulimwandikia barua tatu, na ulichora nyumba kwenye ya pili. Ulinipa nizitume. Nilizichana kwenye pipa la kituo cha metro, kila moja siku yake. Ulipokuwa na miaka kumi na tatu ulisema, tukiwa tunakula, kwamba humpendi tena shangazi kwa sababu mtu anayekupenda hawezi kukaa kimya hivyo. Nilikusikia. Nilikuongezea mboga. Wakati huo alikuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka miwili.

Alikufa kwa kidole tumbo. Ugonjwa wa kawaida, wa kukatwa na kushonwa. Maumivu yalimshika chumbani peke yake, na Kichina chake kilikuwa cha bei tu. Alijua kusema ni ghali, punguza, hapana, kesho. Alikuwa hajui kusema tumbo linaniuma hapa chini upande wa kulia. Mtu ambaye angemsemea alikuwa kaka yake, na kaka yake hamjui. Alikaa siku mbili. Chen alipoona haji kuchukua majoho, alimfuata, akamkuta sakafuni.

Chen alinipigia simu kutoka hospitali. Alisema, "Mdogo wako anafanyiwa upasuaji, njoo." Nikasema nakuja. Nilishuka mpaka mlango wa jengo, tena viatu nilikuwa nimevaa. Halafu nikampigia Mzee Elia, ambaye alikuwa mkubwa katika wazee wetu, nikamuuliza afanye nini mtu katika hali hii. Akasema, "Mchungaji, tukimwendea sasa watasema neno letu halina uzito. Ngoja yeye atume salamu za toba. Upasuaji wenyewe ni mdogo." Mzee Elia hakunishika mguu. Alitoa maoni. Ni mimi niliyegeuka, nikapanda ngazi, nikavua viatu.

Nilikwenda siku ya tatu. Kitandani alikuwa amelala mtu mwingine, bibi mmoja wa Kichina anakula tofaa. Chen alikuwa kwenye korido, amekaa na mfuko wa nguo za Subilaga mapajani. Hospitali walipotaka ndugu, alikuwa amewaambia yeye ni ndugu. Waliutazama uso wake na wa Subilaga, wakaacha kuuliza.  Chen akasema, bila hasira, kama mtu anayetoa taarifa ya kazi, "Siku ya kwanza aliniuliza kwa ishara kama unakuja. Nikamwambia uko njiani. Siku ya pili akauliza. Nikamwambia kuna foleni. Leo hakuuliza."

Kisha akanipa mfuko, akaenda, maana alikuwa ameacha watu kiwandani.

Mwili ulichomwa. Kwetu mtu hachomwi, unajua, na bibi yako akisikia hilo peke yake litamtosha. Lakini kumsafirisha kungetaka niwaambie watu, na kuwaambia watu kungetaka niseme ilikuwaje. Nikatia sahihi. Majivu nikayaweka kwenye jengo ambako wanatunza ya watu, nikapewa karatasi yenye muda maalumu, nikasema nitarudi.

Baada ya hapo niliacha kuongoza ibada. Wewe nilikwambia ni mgongo unaniuma, ukaamini. Hakuna aliyeniuliza zaidi, na ushirika ukavunjika wenyewe taratibu, wengine wakarudi nyumbani, wengine wakahamia makanisa mengine.

Ni wakati ule, usiku haupiti na mchana haupiti, nilipolitafuta tena lile neno. Nilimwandikia Gwakisa, mwanachuo mwenzangu, ambaye yeye alimaliza na sasa ni mchungaji wa kweli. Nilimuuliza tu kama anakumbuka lile somo la wiki ya pili juu ya anathema. Sikumwambia kwa nini. Akanitumia sauti yake kwenye simu, amefurahi, huku kuku wanasikika nyuma yake. Nitakuandikia alichosema, kwa sababu kule chuoni watakufundisha, na ningependa ulisikie kwangu kwanza hata kama sistahili.

Alisema, "Ndugu yangu, lile somo lilikuwa tamu. Mwanzoni kabisa neno lile halikuwa na ubaya. Ana ni juu, na mzizi wa pili ni kuweka. Ni kitu kilichowekwa juu. Mgiriki wa kale akinusurika baharini au vitani, au mtoto wake akipona, anachukua kitu, ngao, taji, hata mguu wa udongo kama mguu ndio uliopona, anakwenda kukitundika hekaluni. Kile kitu kinaitwa anathema. Ni shukrani, au ni nadhiri. Ni kitu kilichotolewa kwa Mungu, kisiguswe tena."

"Na laana ilitoka wapi?" nikamwandikia.

"Kwenye kule kutoguswa. Wayahudi walipotafsiri sheria yao kwa Kigiriki, walikuwa na neno lao la kitu kilichoachwa kwa Mungu kabisa, kisichokombolewa, ambacho mwisho wake ni kuharibiwa. Wakachukua neno hilohilo la Kigiriki. Basi likaanza kuinama upande wa kuharibiwa. Mitume wakalipokea likiwa limeinama hivyo, na kanisa likalitumia kukatia watu. Watu wa baadaye wakaziandika maana hizo mbili tofauti kidogo, e ndefu kwa sadaka, e fupi kwa laana. Lakini mama yao ni mmoja. Kwa nini umelikumbuka leo?"

Nikamjibu nilikuwa napitia daftari.

Unaona mwenyewe, sihitaji kukueleza. Subilaga alikwenda kutundika kitu juu kwa ajili ya mtoto. Katika Kigiriki cha kwanza kabisa alichofunga pale ndicho anathema. Nami nilisimama na nusu ya somo, nikamgeuza yeye kuwa anathema ile nyingine, ya laana. Nilikaa na hilo kwa muda mrefu. Wakati mwingine nilijaribu kujitetea, nikajiambia hata kama ningehudhuria darasa lile, ningefanya vilevile, kwa sababu tatizo halikuwa Kigiriki. Nafikiri hiyo ndiyo kweli, na ndiyo inayonitisha zaidi. Kama ungekuwa ujinga ndio ulioniponza, ningekuwa na cha kulaumu. Lakini Kiswahili nilikuwa nakijua. Tunamtengea mgeni chakula chake chini ya kawa, na tunamtenga mtu asile na sisi. Neno ni lilelile moja, nimelisema tangu utotoni kwa maana zote mbili, na sikuhitaji chuo kunionyesha kwamba mkono unaotenga unaweza kufanya lolote kati ya hayo.

Kule utafundishwa maneno mengi. Siwezi kukushauri jinsi ya kuyatumia, mimi si mtu wa kushauri. Nakwambia tu ilivyokuwa kwangu. Nililipenda neno lile kwa sababu lilinifanya niwe mrefu kuliko watu waliokuwa wamekaa. Ukijisikia unarefuka hivyo siku moja, umesimama mbele ya mtu aliyekaa, huenda ukakumbuka kwamba baba yako alijisikia vizuri sana asubuhi ile. Nilishuka na lifti nikiwa na furaha. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Mwezi uliopita, ulipopata barua ya chuo, nilikata shauri kwamba utakwenda na shangazi yako. Nilifikiri nitakwambia yote, utambeba kwenye mkoba wa mkononi, na bibi yako atapata japo kitu cha kuzika. Nilichukua ile karatasi, nikaenda. Binti aliyekuwa dirishani aliisoma, akaingia ndani, akatoka na karatasi nyingine. Muda ulikuwa umepita miaka mingi. Waliweka tangazo, hakujitokeza mtu. Waliokuwa hawana wenyewe walizikwa pamoja, alisema, mahali pazuri, chini ya miti. Nikamuuliza jina lake liko wapi pale. Akasema pale hakuna majina. Alikuwa mpole. Aliniuliza, "Yeye ni nani kwako?" Kwa Kichina nikasema mdogo wangu, na lilikuwa neno la kwanza la kweli nililolisema juu yake kwa miaka tisa, nikimwambia mtu nisiyemjua.

Chen nilimtafuta pia. Kangle imebomolewa sehemu, kiwanda chake hakipo, na namba yake anaitumia mtu mwingine. Kwa hiyo hakuna wa kumwambia samahani. Nimejaribu pande zote, mwanangu. Kila mlango niliougusa niliukuta umefungwa, na aliyeufunga ni mimi mwenyewe.

Sikuombi unisamehe. Ningekuomba hivyo, ningekuwa nakutwisha mzigo mwingine usafiri nao. Kama ukisoma haya ukaona huwezi tena kwenda kusomea uchungaji, nitaelewa. Kama ukienda, usiende kwa sababu yangu. Najua uliwahi kusema kwamba ulitaka kuwa kama baba.

Nakupa barua hii uisome ukiwa ndani ya ndege. Nilifikiri nikupe leo jioni, uso kwa uso. Nimejijua vya kutosha sasa, siwezi.

Jambo moja tu nilikuwa nimeamua kulifanya kwa mdomo wangu kabla sijamaliza kuandika. Nusu saa iliyopita niliiacha kalamu, nikampigia bibi yako. Nilitaka nikuandikie hapa mwishoni kwamba nimemwambia, kwamba ukifika utamkuta amekwisha lia na wewe huna la kubeba. Kule ilikuwa asubuhi. Alipokea mwenyewe, akasema wamekupakia rangi chumba, na amemtuma mtu sokoni kukutafutia ndizi za aina unayoweza kula. Nilimwacha aseme. Kisha nikasema, "Mama, kuna jambo." Akasema, kwa sauti ile ya watu wasiosikia vizuri, "Subilaga hajambo?"

Nikasema hajambo.

Akasema, "Mwambie na yeye aje kunisalimia kabla sijafa."

Nikasema nitamwambia.

Basi atakuuliza wewe, Tumpe, labda kabla hujavua viatu. Usinifichie, mwambie.

Baba yako,
Ambakisye